Aproni za Bonane kwa mama wapishi wa Katuba: shajara ya mradi

2 Novemba

Mradi ni huu: kabla ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, mama watano wa mtaa wetu hapa Katuba, Lubumbashi, kila mmoja apate aproni yake, niliyoishona na kuipamba mwenyewe. Ni wale unaowakuta nyuma ya nyumba kila kukiwa na ndoa au matanga. Wageni bado wanatafuta viti, wao wameshawasha makala, yaani makaa, kwenye jiko la mbabula, masufuria yamepangwa, na mmoja wao ameshaanza kuwakaripia vijana waliochelewesha maji. Malipo yao ni sahani ya chakula na "aksanti mama". Hujifunga kitenge cha zamani juu ya kitenge kingine, na jioni vyote viwili vinarudi nyumbani na mafuta.

Majina yao nayaacha. Mtaani kila mmoja ana jina la kazi yake, nitatumia hayo: Mama Bukari wa kusonga ugali, Mama Sombe wa kutwanga kisamvu, Mama Tomson wa kukaanga samaki, Mama Mchele, na Mama Mukubwa, ambaye hagusi mwiko ila ndiye anayeonja chumvi na kuamua chakula kitoke saa ngapi.

Jana kulikuwa na ndoa jirani. Nikaomba nisaidie kuchambua mchele ili nipate pa kukaa nikiwaangalia. Kalamu na karatasi baadaye. Mama Bukari husonga akiwa amesimama, miguu ameitanua, sufuria kaibana kwa vijiti viwili ili isizunguke. Aproni nyembamba itamfunga magoti. Mama Sombe hatwangi kwa fujo, lakini maji ya majani yanamrukia kifuani, na yale ya kijani yakikauka yanageuka kahawia na hayatoki tena. Mama Tomson anapigwa na mafuta tumboni na kwenye mikono. Mama Mchele anafanya kazi yote kwenye kiti kifupi, kwa hiyo mfuko wa mbele kwake ni takataka, utajikunja tu na kujaa makapi. Mama Mukubwa hachafuki kabisa. Tatizo lake ni simu: inaita kila mara na hana pa kuiweka, anaichomeka kifuani.

8 Novemba

Soko la Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, kutafuta vitambaa.

Kwa mtu anayesimama karibu na makala, kitambaa ni pamba tupu, na hapo sibishani na mtu. Cheche ikidondoka kwenye pamba inatoboa tundu dogo lenye ukingo mweusi. Ikidondoka kwenye poliesta, kitambaa kinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Wauzaji wote watakuapia kwamba chao ni "coton mia kwa mia". Mimi naomba nyuzi mbili tatu za ukingoni, nawasha kibiriti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inabaki jivu laini la kijivu linalosagika kwa vidole. Poliesta inajikunyata, inatoa moshi mweusi, na mwishoni inabaki punje ngumu. Muuzaji wa kwanza alikasirika nilipotoa kibiriti. Wa pili aliita wenzake waje kutazama, na kwake ndiko nilikonunua.

Nimechukua kitenge nusu kipande, yaani yadi 6. Nilikigeuza upande wa pili kwanza: wax halisi imepigwa rangi pande zote mbili na huwezi kusema ndani ni upi, hii ya bei nafuu ilikuwa imefifia nyuma. Kwa gauni ningeikataa. Kwa aproni upande wa nyuma haumhusu mtu, muhimu ni kwamba nilisugua kona kwa kitambaa cheupe chenye maji na rangi haikutoka.

Hesabu ya kukata: yadi 6 ni kama mita 5 na nusu, upana sentimita 115 hivi. Aproni yangu ina urefu wa sentimita 90 na upana wa 75. Nikilaza urefu wa aproni kwenye upana wa kitenge, natoa vipande 7 na ukanda wa sentimita 25 unabaki pembeni kwa ajili ya kamba na mifuko. Ila hilo linawezekana kwa maua yasiyo na juu wala chini. Kitenge cha ndege kikilazwa hivyo, ndege wote watatembea ukutani. Kwa hiyo nilikwepa ndege, ingawa kulikuwa na kimoja cha bluu kilichoniuma moyo kukiacha.

Tena nikapita kwenye mitumba na kubeba suruali za jinzi za wanaume, zile kubwa za zamani, nzito, zisizovutika. Hizi mpya zinazobana zina nyuzi za mpira ndani, zitaungua vibaya.

Mita chache za amerikani pia, ile pamba isiyotiwa rangi, kwa ajili ya mifuko na majaribio.

9 Novemba

Kila kitu kimelowekwa maji ya moto kabla ya mkasi kugusa. Amerikani niliipima kabla na baada: mita moja imerudi na sentimita 94. Jinzi za mitumba hazikusogea, zimeshafuliwa maisha yao yote.

15 Novemba

Patroni, yaani kiolezo cha kukatia. Niliichora kwenye gunia la karatasi la saruji lililopasuliwa na kukung'utwa vizuri. Ni gumu, halichaniki, na linaweza kutumika hata mwaka kesho.

Vipimo, kwa atakayetaka kuiga: kifua juu sentimita 28, kiunoni 75, urefu 90 kutoka kifuani hadi chini ya goti. Kutoka pembe ya kifua hadi kiunoni nachora kona ya mviringo ya kupitisha mkono. Kwa Mama Bukari na Mama Tomson kiuno nimekipeleka hadi 92, kwa sababu aproni isiyofika ubavuni inalinda kitovu peke yake. Na ya Mama Bukari nimeikata mpasuo katikati kuanzia chini hadi juu kidogo ya goti, vipande viwili vinavyopishana sentimita 12. Akitanua miguu kusonga, inafunguka bila kumwacha wazi.

Kamba ndilo jambo lililonisumbua zaidi. Aproni nyingi zina kitanzi cha shingoni, na uzito wote unaning'inia kwenye mfupa wa nyuma ya shingo. Kwa nusu saa si kitu. Hawa wanaanza saa kumi na mbili asubuhi. Nimeamua kamba moja ndefu, mita 2 na nusu, inayopita ndani ya mifereji iliyoshonwa kwenye zile kona za mkono: inapanda, inazunguka shingo, inashuka upande wa pili, ncha mbili zinafungwa nyuma. Ukivuta ncha, kifua kinapanda. Ukilegeza, kinashuka. Mama mfupi na mama mrefu wanavaa patroni moja. Na Mama Tomson, ambaye bega moja linamuuma, anaweza kuipishanisha mgongoni mabega yote mawili yabebe.

22 Novemba

Umeme haukuwepo wiki karibu nzima, na kusema kweli haikunipunguzia chochote. Mashini ya bibi ni ya miguu. Nimeitia mafuta, nikashona kitambaa kibovu mpaka ilipoacha kutema weusi, ndipo nikaweka kitenge. Sindano namba 100 kwa jinzi, 90 kwa kitenge, mshono mrefu wa milimita 3. Mshono mfupi kwenye jinzi unaitoboa kwa mstari, na siku ikivutwa inachanika hapo hapo.

Mashini hii inashona mbele tu, haina zigizaga ya kuzuia nyuzi zisichomoke. Kwa hiyo kingo zote nimezifunga kwa biye: mikanda ya kitenge iliyokatwa mshazari, pembe ya nyuzi 45, upana sentimita 4, ikakunjwa mara mbili. Ukiikata wima haitakubali kupinda kwenye kona ya mkono, itatengeneza mikunjo na utaifumua ukilia. Ikikatwa mshazari inavutika kidogo na kulala yenyewe.

Mifuko nayo si ya kubandika tu. Pembe mbili za juu ndipo mkono unapoingilia, ndipo inapong'oka. Hapo narudisha mshono mara tatu kwa umbo la pembetatu ndogo, na nyuma naweka kiraka cha jinzi. Wa Mama Mukubwa uko kifuani upande wa kushoto, una kifuniko na kifungo, simu inaingia ikiwa imesimama. Mama Mchele nimempa mfuko wa ubavuni, nyuma ya nyonga, ili akikaa ubaki wazi. Kiunoni kila aproni ina kitanzi cha kuning'inizia kitambaa cha kushikia sufuria, maana nimeona wote wanashikia sufuria za moto kwa pindo la kitenge walichovaa.

29 Novemba

Leo mapambo, na leo ndipo kazi ilipogeuka.

Nilikuwa na wazo la msalaba wa shaba, ule wa Katanga wenye mikono minne unaofanana na herufi X, waliokuwa wakiumimina wayeyushaji wa zamani. Umekutwa hata kwenye makaburi ya kale ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, na kwa karne nyingi ulikuwa pesa na mahari kabla mji huu haujaanzishwa mwaka 1910. Nikachonga muhuri kwenye soli ya kandambili iliyokufa, kwa wembe. Soli ya kandambili inashika rangi kuliko kiazi, na hainyauki usiku. Nikapiga msalaba mmoja mkubwa wa rangi ya kahawia nyekundu kifuani, na safu ya midogo kwenye pindo. Kaka yangu alipita, akaangalia, akasema: "Angalia usiweke mitatu." Ana haki. Bendera ya Katanga iliyojitenga, 1960 hadi 1963, ilikuwa na misalaba mitatu, na aproni ya kupikia bukari haina haja ya kuingia kwenye siasa. Mmoja mkubwa, na midogo mingi isiyohesabika.

Ikatoka nzuri. Nzuri kabisa. Nikampelekea Mama Mukubwa aijaribu, kwa kisingizio cha kupima kamba.

Aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye biye, akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Halafu akaivua, akaikunja mara nne huku akilainisha kila mkunjo kwa kiganja.

"Eh mwana, hii njo tabliye ya kupikia? Mi siwezi kuipeleka ku moto. Hii ya valizi. Nitaivaa siku askofu atakuja."

Nikamwambia ni pamba, inafulika, nimeijaribu. Akacheka: "Kufulika haiko shida. Kuichafula njo shida."

Na ninajua hiyo valizi, sanduku la vitu vya heshima. Kila nyumba hapa inayo, chini ya kitanda au juu ya kabati: ndani kuna vitenge vya wax vyenye karatasi bado, mashuka ya harusi, sahani za kioo zisizowahi kuona sombe. Zawadi nzuri huku kwetu inapelekwa kwenye valizi moja kwa moja, na kwa mwenye kuitoa ni heshima. Lakini mimi sikushona mpasuo wa sentimita 12 na mifereji ya kamba ili vikae na naftalini.

Siwezi pia kutoa aproni tupu ya jinzi bila pambo, kana kwamba nawaajiri. Zawadi lazima ipendeze.

4 Desemba

Matanga, avenue ya pili. Nimeosha vyombo mpaka usiku, na jibu nimelikuta kwenye maji ya sabuni.

Masufuria ya matanga yanatoka kwenye nyumba kumi au zaidi, na yote ni aluminiamu ile ile. Ili yasipotee, kila mama ameweka alama yake kwa rangi ya mafuta au rangi ya kucha, kwenye kitako au chini ya mkono wa sufuria. Nimeyaosha tangu utoto bila kuyatazama. Jana niliyapanga yakiwa yamepinduliwa na kuyasoma: mistari miwili myekundu ni ya Mama Bukari. Nukta ya njano ndani ya duara jeupe, Mama Sombe. Mama Tomson ana alama ya bluu isiyo na umbo, mwanawe aliipiga miaka iliyopita akiwa mdogo na yeye hakutaka kuibadilisha. Mama Mchele ana nukta tatu za kijani. Za Mama Mukubwa zina pembetatu nyekundu, na hata miiko yake inayo.

Kitu chenye alama hiyo hakiendi kwenye valizi. Alama hiyo inasema "hiki ni cha kazi, na ni changu, kirudishe." Basi pambo la aproni litakuwa hilo, kubwa, kifuani.

6 Desemba

Nimefumua mpango. Mapajani na tumboni, mahali pa mafuta, ni jinzi nyeusi au ya bluu nzito. Kifua ni kitenge. Juu ya kitenge nimeshonea kipande cha jinzi cha duara, na juu ya jinzi ndipo alama inapakwa. Misalaba midogo imebaki, lakini imeshuka kwenye pindo la chini, rangi ya kahawia, ambako hata ikipakwa mawese hutaona.

Suruali moja inatoa sehemu ya chini ya aproni moja: napasua miguu yote miwili kwenye mshono wa ndani, naifungua, naiunganisha ubavu kwa ubavu. Kwa Mama Bukari mshono wa katikati umekuwa ndio mpasuo wenyewe. Mifuko ya nyuma ya suruali naibandua nzima na kuihamisha, imeshashonwa kiwandani kwa nguvu ambayo mguu wangu hauifikii.

Ya Mama Sombe kitenge chake ni cha kijani kibichi chenye kahawia. Majani yakimrukia, yataongezea maua.

13 Desemba

Kupaka. Brashi kwenye jinzi inatambaa juu ya nyuzi na kuacha weupe kwenye mabonde. Kidole kinasukuma rangi ndani. Nilimkumbuka Bela Sara, mmoja wa wachoraji wa Hangar, karakana ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari ya sambamba, Pilipili Mulongoy aliweka ndege na samaki kati ya majani na nukta, na Bela aliiacha brashi akapaka kwa ncha za vidole. Mjomba aliyesoma Beaux-Arts, shule ya sanaa, alikuwa akituonyesha kwa unga wa bukari mezani, mpaka mama alipomfukuza.

Kwa hiyo: akriliki iliyochanganywa na dawa yake ya kitambaa, kidole cha shahada kwa nukta, kidole gumba kwa kujaza. Tabaka mbili nyembamba. Tabaka moja nene inapasuka kwenye kufua kwa mara ya kwanza. Alama ya bluu ya Mama Tomson nilimwomba mwanawe aipige mwenyewe. Sasa ana ndevu. Aliweka kiganja chote kwenye rangi, akafikiri, akapiga mara moja, ikatoka mbaya vile vile.

20 Desemba

Mvua kila alasiri. Rangi inataka siku nzima ikauke kabla ya pasi, na kwa unyevu huu nimeipa siku mbili, aproni zikiwa zimetundikwa ndani ya chumba cha kulala. Mume wangu anapita ameinama.

Pasi ni ya makala. Inafaa kuliko ya umeme kwa kazi hii kwa sababu haina mvuke, na mvuke huvuruga rangi kabla haijashika. Kasoro yake ni jivu: ukiitikisa, linatoka kwenye matundu. Naipuliza nje kwanza, naweka shuka la zamani juu ya pambo, napiga dakika 4 kila sehemu bila kukaa mahali pamoja, halafu nageuza na kupiga nyuma. Baada ya hapo nilifua moja kwa sabuni ya kipande na kuisugua kwa nguvu zile za Mama Bukari. Rangi imebaki.

Kila aproni nimeifungia na karatasi ndogo: mawese yakidondoka, sabuni kwanza, kisha itundike bado mbichi juani. Rangi ya njano ya mawese jua linaila lenyewe. Jiki usitie, itakula kitenge kabla ya doa.

31 Desemba

Nimezipeleka bila kuzifunga kwenye karatasi za maua. Kila moja nimeikunja na kuitia ndani ya sufuria ya mwenyewe, sufuria nilizokuwa nazo tangu matanga ya mwisho. Mama Bukari alitoa mfuniko, akaona mistari yake miwili, akapiga kelele iliyomleta jirani. Mama Mchele alikaa kwanza kwenye kiti chake kifupi, akatia mkono mfukoni nyuma ya nyonga, akatoa, akatia tena. Mama Sombe aliuliza kama najua ile njano na ile nyeupe zilitoka wapi. Nikasema hapana. Ni rangi iliyobaki ya mlango wa marehemu mumewe.

Mama Mukubwa aliishika aproni yake ya pili, akanitazama. "Na ile ya askofu?"

Nikamwambia abaki nayo.

4 Januari

Ndoa jana, watu wengi. Aproni nne kati ya tano zilikuwa motoni. Mama Tomson ana matone ya mafuta kuanzia kiunoni kwenda chini, kifua kisafi. Mpasuo wa Mama Bukari unafanya kazi, ila upande wa kulia unashika kwenye mguu wa mbabula, nitaupunguza sentimita 3. Mama Mukubwa alikuja amejifunga kitenge. Ya pembetatu alimwazima mkwe wake aliyekuwa anakata vitunguu, na aliisimamia kwa macho siku nzima. Mama wawili kutoka kartie jirani wameuliza bei. Nimewaambia walete suruali zao za jinzi na sufuria moja moja, nione alama.